Chupa Nne za Maji ya Hori

Kazi yangu ni kupima aidini ndani ya maji. Nikimwambia mtu hivyo, huikumbuka ile dawa ya rangi ya hudhurungi ya kupaka kidonda, kisha hunitazama kwa huruma, kana kwamba nilisoma miaka yote ile nikaishia kufukuzana na madoa. Simlaumu. Aidini ya baharini ni chache mno, ulimi hauijui wala jicho haliioni, na mimi mwenyewe siku za mwanzo niliiona kazi hii ni ya watu waliokosa la kufanya.

Ipo aidini iliyotulia, ambayo bahari imekuwa nayo tangu kuumbwa, na ndiyo mwili huitaka ili shingo isivimbe. Halafu ipo yenye mionzi, na hiyo kwa sehemu kubwa ni kazi ya mikono ya watu: mabomu yaliyojaribiwa nchi za mbali kabla sijazaliwa, na mitambo ya nyuklia ya ng'ambo. Hii ya pili nayo ina ya maisha marefu, itakayokuwepo hata sisi sote tukiwa tumesahauliwa, na ina ya maisha mafupi, inayopungua nusu yake kila siku nane. Ukiikuta hii ya maisha mafupi ndani ya maji, jua imetoka mahali karibu, na imetoka juzijuzi tu.

Maneno ya kujengwa mtambo wa nyuklia upande wetu wa pwani yalipoanza kuvuma, watu wa kando ya hori moja, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu karibu na Matsangoni, waliomba jambo ambalo mimi naliona ni la akili kuliko yote niliyoyasikia katika mikutano ile. Walisema: maji yetu yapimwe sasa, kabla hakijajengwa kitu, ili kesho asije mtu akatuambia yalikuwa hivyo hivyo tangu zamani. Maabara ninayofanyia kazi huko Nairobi ikakubali. Mkuu wangu, mwanamke wa bara asiyependa maneno mengi, akaahidi kwamba kila jibu litakalopatikana watapelekewa kama lilivyo, bila kufichwa wala kupambwa. Nikatumwa mimi kwa kuwa nilizaliwa Malindi.

Wakati huohuo mamangu alikuwa mgonjwa.

Mamangu alikuwa mpishi, na sisemi mpishi wa nyumbani. Alikuwa mpishi wa shughuli: harusi, maulidi, hitima, matanga. Mtaani kwetu mtu akiposa, kabla hajauliza ukumbi huuliza kwanza kama mamangu ana nafasi siku ile. Hakuwahi kutumia mizani. Chumvi aliipima kwa kiganja, wali aliujua umeiva kwa kuusikiliza, na watu walisema ana mkono, yaani hata wengine wakifuata hatua zake zote, chakula hakitoki kama chake. Alikuwa na kiburi cha jambo hilo, na mimi nilikipenda kiburi chake.

Uvimbe ulimtoka shingoni. Ukapasuliwa, ukapimwa, likatajwa lile jina ambalo kwetu halitamkwi, husemwa tu "ugonjwa mbaya". Daktari akaeleza kwamba mabaki yaliyosalia mwilini yatachomwa kwa aidini yenye mionzi, ile ya maisha mafupi. Nilicheka, na daktari akanitazama vibaya. Mimi niliyezoea kuitafuta aidini hiyo kwa siku nzima ndani ya lita ishirini za maji nisiipate, nilimwona mamangu akimeza kidonge chake kizima kwa funda moja la maji.

Alipotoka hospitali ya Nairobi tulipewa karatasi ya masharti. Majuma mawili alale peke yake. Asipakate mtoto, asikae na mja mzito. Jasho lake na mate yake vina mionzi, na vitaendelea kuwa nayo mpaka iishe. Tukakubaliana, mimi na yeye, tusimwambie mtu. Siku hizo neno mionzi lilikuwa limeshakuwa jini katika vinywa vya watu wa pwani. Ilisemwa samaki watazaliwa na vichwa viwili, na wanawake hawatashika mimba. Nani angekula biriani iliyopikwa na mtu mwenye mionzi mwilini? Tukasema amefanyiwa upasuaji wa koo, na daktari amemkataza kukaa na watu asije akapata homa. Wakaja kumjulia hali makundi kwa makundi, wakakaa barazani, naye akawajibu kutoka dirishani kwa sauti iliyokwaruza.

Hata mkuu wangu sikumwambia. Hilo ndilo kosa, na ni langu. Nilikuwa na safari ya kuchota maji na nina mgonjwa wa kumrudisha Malindi, nikaona gari ni lile lile na njia ni ile ile. Nilijiona mjanja. Nikafikia kwa mamangu, nikaziweka chupa za maabara katika chumba cha stoo, nikamwambia hizi ni za kazi.

Chupa zetu huoshwa kwa asidi maabara, zikasuzwa kwa maji safi, zikakaushwa, zikafungwa ndani ya mifuko. Hazifunguliwi mpaka umesimama ndani ya maji yenyewe. Hapo unaisuza kila chupa mara tatu kwa maji ya pale pale, kisha unaijaza mpaka ukingoni, usiache hata nafasi ya hewa. Siku ya kwanza, kwa ajili ya kulinganisha, nilichota Ziwa Jilore, ambalo lilikuwa limekauka nusu, nikazama matopeni mpaka magotini. Siku ya pili nilichota mahali mto Sabaki unapoingilia bahari, maji mekundu kama chai ya maziwa. Siku ya tatu nikachota horini, chupa nne, huku wanawake wanaokusanya chaza kwenye mizizi ya mikoko wakinisimamia kuhakikisha sidanganyi. Mmoja wao, mwenyekiti wao, mama wa makamo mwenye vidole vilivyokatwakatwa na makombe, alinishikia mfuniko.

"Usituchotee ya juu juu," aliniambia. "Chota tunapochuma."

Nikachota wanapochuma.

Majibu ya Jilore na ya Sabaki yalikuwa vile vile tulivyotarajia. Aidini iliyotulia ilikuwemo, chache ziwani na zaidi kwenye maji ya chumvi. Ile ya maisha marefu ni lazima ipelekwe nje kupimwa, tukaiweka kando. Ya maisha mafupi haikuwepo. Kisha tukaingiza maji ya hori ndani ya mashine, ambayo ni kisanduku kilichozungushiwa kuta nene za madini ya risasi, na kwenye kioo mstari ukainuka ukawa kilima. Kilima hicho hakina kingine cha kufanana nacho: ni cha aidini ya maisha mafupi. Mkuu wangu aliketi chini polepole.

"Juu ya hori kuna hospitali?" akauliza.

"Hakuna. Kuna zahanati ya kuchanja watoto."

"Hakuna kingine kwenye maji. Aidini peke yake; ya mtambo huja na vingine. Hii ni ya hospitali." Akanigeukia. "Chupa zililala wapi?"

"Malindi."

"Malindi wapi?"

"Kwa mamangu."

Akaitikia kwa kichwa, akaandika. Nilijibu alichoniuliza, nikakiacha ambacho hakujua kuniuliza. Nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji, nikampigia mamangu simu.

"Mama, zile chupa zangu ulizigusa?"

"Nalizisuza," akasema, na sauti yake ilikuwa na fahari. "Mfuko mmoja ulikuwa umechanika, na chupa zanuka dawa. Nikasema, mtoto huyu ataendaje kwa watu na vyombo vyanuka? Nikachovya ncha ya leso majini, nikaisokotea kwenye mpini wa mwiko, nikazisugua ndani mpaka zikalia. Nikazipuliza nione kama zina ufa. Kisha nikakufungia vile vile ulivyofunga, usijue."

"Leso ipi, mama?"

"Si ndiyo hii hii niliyojifunga."

"Zilikuwa ngapi?"

"Nne. Kwani vipi? Moja ilikuwa na ufa?"

Nilimwambia hakuna kitu. Jasho la leso na mate ya kupuliza yalikuwa yameganda ndani ya chupa, na kusuza kwangu mara tatu horini hakukuyatoa yote. Nilitaka kumgombeza, na nilitaka kulia, kwa sababu picha niliiona yote: mamangu amekaa juu ya kibao chake na koo lenye mshono, anaosha chupa za mwanawe kwa siri, amefurahi kupata kazi baada ya siku nyingi za kukatazwa kila kitu. Katika maisha yake yote hakuwahi kupeleka chombo kinachonuka nyumbani kwa mtu.

Mkuu wangu sikumwambia. Nilijiambia tutachota tena, maji yatatoka safi, na jambo litajifia lenyewe. Lakini mkuu wangu alikuwa ameahidi, na alikuwa mtu wa ahadi. Jibu la kwanza likapelekwa Matsangoni kama lilivyo, na chini yake sentensi moja kwamba kipimo kinarudiwa. Watu walisoma juu, chini hawakufika.

Chaza wa hori lile walikuwa wakinunuliwa na hoteli za Watamu. Wanunuzi hawakuja siku iliyofuata, wala ile iliyofuata. Wauza samaki wa kando ya barabara wakaanza kuulizwa samaki wao wametoka wapi, wakaapa wametoka bahari kuu. Mama mmoja mjamzito, ambaye alikuwa amekula chaza mimba nzima, akakimbizwa Kilifi akiwa analia, hana ugonjwa wowote. Mwenyekiti akanipigia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, tulikuita utupimie maji, hatukukuita utuue. Hawa chaza nimewamwaga leo, nimewarudisha walikotoka, wengine wamekufa. Watoto wangu hawa niwape nini? Nauliza kwa wema tu. Niwape nini?"

Nikamwambia tunarudia. Nikarudi na chupa mpya, sikupita Malindi, nililala nyumba ya wageni. Maji yakatoka safi. Mkuu wangu akasafiri nami kwenda kuwaeleza, asubuhi, katika darasa la shule ya chekechea, watu wazima wamekaa juu ya viti vya watoto na magoti yamefika kifuani. Hawakuamini. Na ningekuwa wao nisingeamini.

"Mara ya kwanza jini hilo lilikuwepo, mara ya pili halipo," akasema mwanamume mmoja. "Limepanda gari?"

"Mmepewa kitu mkala," akasema mwingine, bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya sukari.

Mkuu wangu akajaribu kueleza siku nane na nusu yake na nusu ya nusu. Wakamsikiliza kwa adabu. Mwenyekiti peke yake alikuwa akinitazama mimi. Aliuliza swali moja: "Kama halikutoka majini mwetu, limetoka wapi?" Mkuu wangu akasema hatujui, na akasema kweli, kwa upande wake. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake nalijua jibu, nimelibana. Sijawahi kujichukia kama siku ile.

Tulipotoka nikamwambia mkuu wangu yote, palepale kando ya gari. Hakunikaripia. Aliuliza kama mamangu anaendelea vizuri, kisha akasema, "Utawaambia wewe. Huna haja ya kumtaja. Sema ni mgonjwa."

Nikaomba siku moja, nikaenda Malindi. Nilimkuta anachambua mchele ambao hakuwa na wa kumpikia. Majuma mawili yalikuwa yamekwisha, na alikuwa akihesabu siku arudi kazini. Nikamweleza kuhusu chupa, leso, kilima, wanawake wa chaza. Aliacha kuchambua.

"Mimi ndiye niliyewatia sumu?"

"Si sumu, mama. Kwa maji yale si kitu. Hata horini haikufika ya maana, imebaki ndani ya chupa. Lakini wao hawajui."

"Na wakijua kwamba ni mimi, watakula kwangu?"

"Mwilini itakuwa imeshatoka, mama. Nitakupima. Nitawaonyesha..."

"Sikuulizi kama itakuwa imetoka. Nakuuliza kama watakula."

Akaokota jiwe dogo kwenye ungo, akalitupa mlangoni.

"Hao wanawake wana watoto?"

"Wanao."

"Basi nenda kaseme. Usiseme mgonjwa. Ukisema mgonjwa watataka kujua nani, na kila mtu ajua ulilala kwa nani. Sema mamangu."

Nikasema. Nilisimama mbele ya viti vile vidogo nikasema mamangu, na nikaeleza leso na mpini wa mwiko. Mwanamke mmoja akacheka, wakafuata wengine, kicheko cha watu waliopumua. Lilikuwa ni jambo wanaloliweza. Kila mmoja wao ana mama ambaye angeziosha chupa zile. Mwenyekiti alikuja akanishika mikono yote miwili, akasema nimpelekee mamangu salamu, Mungu amponye. Wanunuzi wa hoteli walianza kurudi mmoja mmoja. Kipimo cha pili ndicho kilichoandikwa kuwa hali ya hori kabla ya chochote, na kiko pale, na ni cha kweli.

Kutoka Matsangoni mpaka Malindi habari haikuchukua siku.

Hakuna aliyemtukana mamangu. Ningependa kusema walimtukana, ningepata wa kugombana naye. Walikuja kumwona kuliko zamani, wakamletea matunda na maji ya madafu, wakamwita shujaa kwa kuvumilia ugonjwa mbaya peke yake. Kisha wenye harusi ya mwezi ule wakatuma mtu kusema bibi apumzike, safari hii wamepata msaada mwingine. Hitima ya jirani wa ukuta kwa ukuta ikapikwa na watu wa mtaa wa Shela, na mamangu akaalikwa, akawekwa mahali pa heshima, akapakuliwa mwanzo. Alirudi nyumbani akaniambia kwenye simu kwamba wali ulikuwa rojorojo, na kwamba hakuna aliyemruhusu hata kushika upawa. Mwezi wa Ramadhani alipeleka kaimati na mkate wa sinia nyumba saba, kama kila mwaka. Sahani zikarudi na futari za wenyewe juu yake, na shukrani nyingi. Asubuhi yake aliwakuta paka wa mtaa mzima jalalani wanakula kaimati.

Nilimpima. Aliniomba mwenyewe, alipokuja Nairobi kwa daktari: "Nipime mimi, kama ulivyoyapima maji." Nikamwingiza chumba cha nyuma, nikakiweka kipimo cha mkono kwenye shingo yake, kwenye viganja, juu ya mate aliyoyatema ndani ya kikombe cha karatasi. Mashine ikatoa mlio ule ule wa polepole inaoutoa ikielekezwa ukutani.

"Yasemaje?"

"Yasema huna kitu."

"Kabisa?"

"Kabisa, mama. Kama mimi."

"Niandikie."

Nikamwandikia kwa Kiswahili kikubwa, nikapiga muhuri ambao nisingepaswa kuupiga. Alikwenda na karatasi hiyo nyumba kwa nyumba. Waliisoma wote, wakasema mashallah, alhamdulillahi. Hakuna aliyemwita jikoni.

Ijumaa moja baada ya hapo nilikuwa Malindi. Alikuwa amepika pilau kwa ajili yetu wawili, na ilinukia hata nje ya mlango. Tukakaa jamvini, sinia katikati. Alikuwa mchangamfu siku ile, alikuwa akinisimulia ugomvi wa mabibi harusi wa zamani, na huku akisimulia alifinyanga tonge, akabandika kipande cha nyama juu yake, akaninyooshea mdomoni, kama alivyonifanyia kila nilipotoka safari tangu utotoni mwangu.

Mimi ndiye niliyeishika mashine. Mimi ndiye niliyeandika karatasi. Katika mji mzima ule hapakuwa na mtu mwingine aliyejua kwa hakika, kwa macho yake, kwamba mkono ule ni safi. Kichwa changu kikageuka. Kiligeuka kidogo tu, upana wa kidole, na kabla sijakirudisha tonge lilikuwa limeshanigusa shavu.

Hakukamilisha habari aliyokuwa akiisimulia. Aliliweka tonge upande wake wa sinia, akanifuta shavu kwa ncha ya kidole, halafu akaufuta mkono wake haraka kwenye nguo, kama mtu aliyekosea. Nikamwita. Alikuwa ameshainuka, ameingia jikoni, na aliporudi alikuwa na sahani yangu peke yangu na kijiko.